Wekundu wa rozela si damu

Nenda kamjulie hali mgonjwa wa saratani aliyeambiwa damu imeshuka. Mezani hukosi jagi la juisi nyekundu: rozela, bitiruti, au vyote viwili vimesagwa pamoja.

Dhana: Chekundu huongeza damu.

Ukweli: Wekundu wa rozela ni anthosiyanini, wa bitiruti ni betalaini. Zote ni antioksidanti, yaani kemikali zinazotuliza molekuli kali zinazounguza seli. Hazigeuki damu. Damu ni nyekundu kwa sababu ya himoglobini, iliyobeba madini ya chuma, na gramu 100 za bitiruti hazina hata miligramu 1 ya chuma. Dagaa tunaowadharau, na maini, wanaishinda mbali.

Dhana: Basi tumpe antioksidanti kwa wingi, damu itapanda.

Ukweli: Hapa pana punje ya kweli. Saratani na baadhi ya dawa zake huzidisha molekuli kali, nazo huchakaza utando wa chembe nyekundu za damu, zikafa kabla ya kutimiza siku zao 120 hivi. Lakini mara nyingi shida kubwa iko kwingine. Mwili unaopambana na saratani huchochea ini kumwaga homoni iitwayo hepsidini, na hepsidini hufunga chuma ghalani: kipo, ila uboho, yaani kiwanda cha damu ndani ya mifupa, haukipati. Kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, nayo huulemaza uboho wenyewe. Sisplatini, mojawapo ya dawa hizo, huumiza figo, ambazo ndizo hutoa homoni ya kuamuru damu itengenezwe. Saratani ya shingo ya kizazi huvujisha damu kidogo kidogo kwa miezi. Juisi gani itafungua ghala au kuziba mvujo? Ndiyo maana daktari hupima akiba ya chuma kwanza, kisha akaamua: chuma cha kupitia mshipani, sindano ya kuchochea uboho, au chupa ya damu.

Na chai je? Imejaa antioksidanti, lakini tanini zake hukamata chuma cha maharage kabla hakijafyonzwa. Chungwa, lenye vitamini C, hufanya kinyume chake. Kwa hiyo jina la antioksidanti ni moja, lakini kazi zake si moja.

Dhana: Isiposaidia, haidhuru.

Ukweli: Juisi ya kawaida sina ugomvi nayo. Vidonge vya antioksidanti vya dozi kubwa ndivyo vinanitia hofu. Huko Finland, utafiti uliotangazwa mwaka 1994 uliwafuatilia wanaume wavuta sigara 29,133; waliopewa vidonge vya beta-karotini, antioksidanti ipatikanayo kwenye karoti, waliugua saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Hao hawakuwa wagonjwa walipoanza. Kwa aliye kwenye matibabu kuna la ziada: mionzi huua seli za saratani kwa kutumia molekuli kali hizo hizo ambazo vidonge vinazituliza.

Tena pwani yetu ina watu wengi wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinachokinga chembe nyekundu, na wengi wao hawajui. Mtu wa namna hiyo akitundikiwa dripu ya vitamini C ya dozi kubwa, chembe zake nyekundu zinaweza kupasuka ndani ya mishipa.