Unakesha kwa Sababu Unawahi Kitandani

Ukurasa wa kwanza wa daftari lake ulikuwa hivi: "Jumatatu. Nimepanda kitandani saa 3 usiku. Usingizi umenichukua kama saa 7. Nimeshtuka saa 10 na nusu, nikajigeuzageuza. Saa 11 ukanipitia tena kidogo. Nimeamka saa 12, kichwa kizito." Jumanne, vilevile. Jumatano kaandika neno moja tu: "Nimekesha."

Mwenye daftari ni mtumishi wa umma, baba wa miaka arobaini na ushee (nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike). Ofisi yake ilihamia Dodoma, mke na watoto wakabaki Dar kwa ajili ya shule. Amepanga Nzuguni, kazi iko Mtumba. Alipoingia aliniita daktari nami nikamwacha aniite hivyo, ingawa mimi ni mwanasaikolojia tiba na siandiki dawa. Nilipomweleza hilo baadaye, uso ulimshuka. Alikuja akitaka kidonge.

Vidonge alikuwa ameshameza. Alianza na Piriton, kama nusu ya watu wanaokuja kwangu. Piriton ni dawa ya mzio. Kusinzisha ni athari yake ya pembeni, na mwili huizoea athari hiyo ndani ya siku chache. Kinachobaki ni mdomo mkavu na uzito wa asubuhi. Baada ya Piriton ikaja glasi ya mvinyo wetu wa zabibu kila usiku. Pombe kweli huwahisha usingizi, kisha inapoisha mwilini huuvunjavunja, ndiyo maana mnywaji hushtuka saa 9 usiku moyo ukimdunda. Rafiki akampa Valium, dawa ya kutuliza wasiwasi, za mama yake. Hapo nashukuru alisita, maana dawa za kundi hilo zikitumika mfululizo kwa wiki kadhaa zinamfunga mtu, na kuziacha ghafla ni hatari. Kama unazitumia tayari, usizitupe leo. Mwone aliyekuandikia azipunguze taratibu.

Nilimuuliza: siku hizi unapanda kitandani saa ngapi, na zamani ulikuwa unapanda saa ngapi? Akasema zamani saa 5, hata saa 6 kama kuna mpira. "Siku hizi najitahidi niwahi, angalau nipate chochote."

Hapo ndipo shida yake ilipo, na huenda na yako pia.

Kinachoanzisha kukosa usingizi na kinachokuendeleza ni vitu viwili tofauti. Kilichoanzisha kwake kinajulikana: kuhama, upweke, ada za shule, bosi mpya. Mwaka 1987 mtafiti wa Marekani, Arthur Spielman, na wenzake waliandika kwamba kichochezi kinaweza kuisha kabisa na tatizo likabaki, kwa sababu ya yale ambayo mtu amekuwa akiyafanya ili kulitatua. Anawahi kulala. Anachelewa kutoka kitandani. Anafidia mchana. Miezi inapita, bosi kahamishwa, ada imelipwa, yeye bado anahesabu mabati.

Usingizi una njaa yake. Tangu unapofungua macho asubuhi, ubongo unakusanya kemikali inayoitwa adenosini, na kadiri inavyozidi ndivyo kope zinavyokuwa nzito. Kulala ndiko kunakoipunguza. Ukilala saa nzima baada ya chakula cha mchana, na jua la Dodoma la mwezi wa 10 linavyobembeleza, umefanya kama mtoto aliyekula maandazi manne kisha akaitwa kwenye ugali. Ukipanda kitandani saa 3 wakati njaa hiyo haijafika, utalala chali ukingoja. Kafeini nayo huziba mahali ambapo adenosini ingepokelewa. Nusu yake bado iko mwilini baada ya masaa kama 5, kwa hiyo kikombe cha saa 10 jioni bado kina nusu ya nguvu zake saa 3 usiku. Tukisema kafeini watu wanafikiria kahawa tu. Chai ya rangi imo, soda nyeusi imo, na vile vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo vijana wa chuo wananywa kama maji, vimo.

Jambo la pili ni kitanda chenyewe. Ubongo unajifunza mahali. Ukipita karibu na jiko la nyama choma mate yanakujaa bila kuamriwa. Sasa mtu aliyelala macho masaa 4 kila usiku kwa miezi sita, akiwaza deni na kugombana na simu, kitanda chake kimejifunza nini? Kimejifunza kukesha. Ndiyo maana unasinzia kwenye kochi wakati wa taarifa ya habari, unanyanyuka kwenda chumbani, unagusa mto, na usingizi unaruka. Huko si kulogwa. Nasema hivi kwa heshima, maana wengi huniambia hivyo wakiwa wameshazunguka kwingi.

Kwa hiyo tulifanya hesabu. Wiki mbili za daftari zilionyesha anakaa kitandani masaa 9, analala kama masaa matano na nusu. Yaani katika kila masaa 10 ya kitanda, karibu 4 ni ya kugaagaa. Nikamwambia: basi tutakipa kitanda masaa hayo matano na nusu tu. Utaamka saa 11 na nusu alfajiri kila siku, Jumapili ikiwemo, na hutagusa kitanda kabla ya saa 6 usiku.

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Daktari, mimi nimekuja kwa sababu silali, wewe unanipunguzia?"

Ndiyo. Usingizi wake ulikuwa kama uji uliotiwa maji mengi. Tulikuwa tunautokosa uwe mzito kwanza. Kipimo ni hiki: ukilala asilimia 85 au zaidi ya muda uliokaa kitandani kwa wiki nzima, unajiongezea dakika 15, unawahi kwa hizo tu. Usipofika, unabaki ulipo wiki nyingine. Usishuke chini ya masaa 5 hata kama daftari linasema unalala matatu, kwa sababu wengi wasiolala hukadiria usingizi wao chini ya ulivyo.

Tiba hii, pamoja na sehemu zake nyingine za kubadili fikra na mazoea, ndiyo ambayo chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilipendekeza mwaka 2016 iwe ya kwanza kupewa mtu mzima mwenye tatizo sugu la usingizi, kabla ya dawa. Sugu maana yake ni angalau usiku 3 kwa wiki, kwa miezi 3. Kama umekosa usingizi wiki hii kwa sababu ya msiba au mtihani, hayo ni maisha, hayahitaji daftari.

Sehemu ya pili ni ya mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Bootzin, tangu mwaka 1972, na vitabu vinaieleza kwa urahisi mno: usingizi usipokuja baada ya kama dakika 20, toka kitandani, nenda chumba kingine, rudi ukisinzia. Chumba kingine! Dada mmoja wa Chang'ombe aliniuliza chumba kingine kipi, wakati yeye, mume na watoto wawili wanalala chumba kimoja, na kitanda hichohicho mchana ndicho kochi na meza ya kukunjia nguo. Tulitafuta njia. Mkeka kando ya ukuta karibu na mlango, kigoda, taa ndogo ya sola iliyoelekezwa chini. Mchana kitanda kikatandikwa na kuachwa, nguo zikakunjiwa mkekani. Usiku usingizi ukigoma, anashuka, anakaa mkekani akichambua mchele wa kesho kwa taratibu, au anasali. Alinihakikishia hakuna mchele safi Chang'ombe nzima kama wake wa wiki zile. Kinachotakiwa ni kukitenga kitanda na kukesha, hata kama kutengana kwenyewe ni hatua mbili. Na saa ya ukutani igeuziwe ukutani. Kila ukiitazama unaanza hesabu: nikilala sasa nitapata masaa matatu... Hesabu hiyo haijawahi kumlaza mtu.

Wengine hutaka kuniungamia kuhusu mwanga wa simu. Mwanga una mchango wake, ila kwa uzoefu wangu yaliyomo ndani ya simu yanawakesheza watu zaidi: kikundi cha ukoo kinachochangisha harusi, ujumbe wa bosi wa saa 4 usiku. Yule baba wa Nzuguni alikuwa akimpigia mkewe simu saa 3 usiku akiwa tayari kitandani, na mazungumzo yalikuwa ni ada, kodi, na fundi aliyekula hela. Tuliihamishia simu hiyo saa 12 na nusu jioni, akiwa ameketi barazani. Fundi hakurudisha hela, lakini angalau alihama kitandani. Baada ya simu anaandika mambo yanayomkera, na pembeni ya kila moja, kitu kimoja atakachofanya kesho. Yasiyo na la kufanya anayaandikia "hakuna". Inaonekana kama mchezo, ila mara nyingi ubongo huacha kukumbusha jambo lililoandikwa.

Halafu kuna hili la kushtuka usiku, ambalo huwatisha watu kuliko linavyostahili. Ukitoka Singida kuelekea Ziwa Eyasi kuna ndugu zetu Wahadza, wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Watafiti waliwavalisha vifaa vya mkononi vya kupima usingizi. Katika matokeo ya mwaka 2015, wao pamoja na jamii za San wa Namibia na Tsimane wa Bolivia walionekana kulala kati ya masaa 5.7 na 7.1, tena hawalali jua linapozama: kwa wastani masaa zaidi ya 3 hupita kwanza. Mwaka 2017 ukatoka utafiti mwingine: kwa siku 20, Wahadza watu wazima 33 walikuwa wote wamelala kwa wakati mmoja kwa dakika 18 tu. Muda uliobaki daima kulikuwa na mtu macho, anageuka, anatazama moto, anamtuliza mtoto. Hakuna aliyekimbilia hospitali. Kuamka katikati ya usiku ni sehemu ya usingizi wa binadamu. Kinachofanya kuamka huko kuwe tatizo ni hofu ya kuamka.

Joto nitalipitia haraka. Mwili unahitaji kupoa kidogo ndipo ulale, na nyumba za bati zinahifadhi jua la mchana mpaka usiku wa manane. Oga maji ya uvuguvugu saa moja au mbili kabla ya kulala. Damu inakuja kwenye ngozi, joto la ndani linashuka. Mwezi wa 6 na wa 7, upepo wa Dodoma unapouma kwa baridi, vaa soksi. Na asubuhi toka nje mapema. Hapa jua huchomoza kabla ya saa 1 asubuhi mwaka mzima, na mwanga huo ndio unaoiweka sawa saa ya mwili.

Wapo ambao sitaki waanze hesabu ya kitanda peke yao: mwenye kifafa, mwenye historia ya kupandwa na furaha kupita kiasi na kukesha siku kadhaa bila kuchoka, dereva wa lori au basi, anayeendesha mitambo, mjamzito. Anayekoroma na kukatika pumzi apimwe kwanza. Anayeamka kukojoa mara nne apimwe sukari, na kama ana dawa ya presha ya kukojosha aulize kama anaweza kuinywa asubuhi. Anayechomwachomwa miguuni akilala apimwe damu. Anayetumia dolutegravir, dawa ya VVU, na usingizi umempotea aulize kliniki kuhusu kuhamishia dozi asubuhi, asiache dawa. Na kama kukosa usingizi kumekuja pamoja na kukata tamaa ya kuishi, hilo halingojei daftari. Nenda kituo chochote cha afya leo, au hospitali ya afya ya akili ya Mirembe kama uko Dodoma mjini.

Yule baba wiki ya kwanza alinichukia. Alisinzia kikaoni, na basi la watumishi nusura limpitilize kituo. Wiki ya pili usingizi ukaanza kumchukua ndani ya dakika 10. Ilipofika wiki ya 8 alikuwa anapanda kitandani saa 4 na dakika 45, anaamka saa ileile ya 11 na nusu. Haikupanda moja kwa moja. Wiki mbili hatukuongeza kitu, na moja kati ya hizo ilikuwa ya matokeo ya mtihani wa mwanawe.

Ukitaka kuanza, daftari la kurasa 40 linatosha. Andika asubuhi, si usiku, na kadiria bila kutazama saa. Siku tatu za kwanza za kusubiri saa 6 usiku ndizo ngumu, maana kochi litakuita kuanzia saa 3. Ziwekee kazi ya kusimama. Yeye alipiga pasi mashati ya wiki nzima, kisha akaanza na mashuka.