Je, wajua kwa nini dogo huwaka Jumamosi hii na kuzimika ijayo?

Ukikaa pembeni mwa uwanja wa kikapu Arusha jioni ya Jumamosi, utausikia ubishi uleule. Dogo wa miaka 15 aliyefunga pointi 22 wiki iliyopita leo ana 4, na robo ya tatu inakaribia kwisha. Mmoja anasema amevimba kichwa. Mwingine anamlaumu kocha. Wa tatu, kikombe cha kahawa mkononi, ameshafunga mjadala: "Huyu alibahatisha tu." Wote wanamchimba kijana moyoni, na wala sababu nyingi haziko huko.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayodanganya wengi. Chukua mchezaji anayeingiza mitupo 35 katika kila 100 ya pointi tatu, kiwango kizuri hata kwa mtu mzima. Mpe mitupo 5 kila mechi, naye asibadilike hata chembe. Katika mechi moja kati ya 9 hivi atakosa yote mitano. Katika mechi moja kati ya 4 hivi ataingiza mitatu au zaidi. Mkono ni uleule na usingizi ni uleule, lakini siku moja anabebwa juu, siku nyingine anazomewa. Mitupo huru nayo haina tofauti: mwenye uwezo wa 7 kwa 10 ataingiza 5 leo na 9 kesho, na siku zote mbili ni za kawaida kabisa. Kwa hiyo yule wa kahawa hajakosea sana kuhusu zile 22. Alichosahau ni kwamba hata hizi 4 zimechanganyika na bahati, safari hii mbaya.

Mitupo 100 nayo ni michache. Aliye wa 35 kweli anaweza kumaliza na 28 au 42 bila muujiza wowote. Kwa ligi yenye mechi moja kwa wiki na mitupo 5 kila mechi, 100 ni wiki 20, na ndani ya wiki hizo kijana wa miaka 15 anaweza kuwa ameongezeka sentimita 3 au 4. Unamaliza kumpima mtu ambaye si yule uliyeanza kumpima.

Ukitaka kujua kama kuna kasoro ya kweli, acha kuhesabu iliyoingia na uangalie iliyokosa ilikosea wapi. Chukua daftari, chora ringi, kisha kwa kila mtupo uliokosa weka alama: mfupi, mrefu, kushoto, kulia. Ikikosea kushoto na kulia, kuna kitu kimepinda: kiwiko kimetoka nje, au kidole gumba cha mkono wa kushikilia kinausukuma mpira badala ya kuuacha uende. Hilo hurekebishwa uwanjani, karibu na ringi, kwa mkono mmoja. Ikiwa mifupi inaongezeka robo ya nne, miguu imeisha. Ikiwa mirefu na mifupi imechanganyika na yote iko kwenye mstari, huyo yuko njiani kuwa mtupaji mzuri, mwacheni apige.

Suala la miguu lina jiometria yake. Ringi ina kipenyo cha sentimita 45, na mpira namba 7 una karibu 24. Mpira ukishuka wima, uwazi wote wa 45 ni wake. Ukiingia kwa pembe ya nyuzi 45 na usawa wa ringi, uwazi unaobaki ni kama sentimita 32. Kwa nyuzi 30 unabaki 22.5, pungufu ya mpira wenyewe, kwa hiyo hauwezi kupita bila kugonga chuma. Kijana aliyechoka hakunji magoti vya kutosha. Nguvu anaitafuta mabegani, mpira unakwenda bapa, na mlango unajifunga. Shabiki anaona "leo hana shabaha", kumbe shabaha ipo na kilichoshuka ni upinde. Muulize pia alikula nini: ugali na maharage saa saba mchana, kisha hakuna kitu hadi mechi ya saa kumi na moja jioni, na hapo katikati alishacheza mechi nyingine ya shule.

Sasa mifupa. Wavulana wengi hufikia kasi ya juu ya kurefuka kati ya miaka 13 na 14, wakiongezeka sentimita 8 hadi 10 kwa mwaka. Wasichana huwatangulia kwa miaka kama miwili, na wapo wavulana wanaochelewa hadi 15 au 16. Mikono na miguu hurefuka kwanza, kiwiliwili hufuata nyuma. Mkono uliozoea kuachia mpira mahali fulani sasa unauachia juu zaidi na mbele zaidi, na akili bado inatumia ramani ya zamani. Aliyekuwa anadunda mpira bila kuutazama anaanza kujigonga goti. Haya hutokea kwa miezi, kisha hutulia yenyewe kama hajavunjwa moyo.

Kuyagundua ni rahisi. Mpime asubuhi, bila viatu, ukutani, mara moja kwa mwezi na saa ileile, kwa sababu jioni kila mtu hufupika kidogo. Akizidi sentimita 2 ndani ya miezi mitatu, punguza kuruka na uongeze mazoezi ya kusimama imara na ya mkono. Akilalamika maumivu chini tu ya goti, pale kano inapojishika kwenye mfupa wa ugoko, na pakawa na uvimbe mdogo mgumu, usimwambie ajikaze. Hapo ndipo mfupa unaokua unavutwa na kano kila anaporuka, na tiba yake kuu ni kupunguza kuruka hadi maumivu yatulie. Yasipotulia, au akianza kuchechemea, aende hospitali.

Kisha kuna vifaa, ambavyo mashabiki hawavigusi kabisa. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi kati ya 800 na 900. Mpira uliojazwa upepo Dar es Salaam hadi psi 8 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo) ukifika Arusha utasoma karibu 10, kwa sababu hewa ya nje inayoubana ni nyepesi zaidi. Kutoka Moshi tofauti haifiki psi 1. Baridi ya Juni na Julai asubuhi nayo huushusha tena. Mpira mgumu huruka mbali ukigonga ringi, na mtupo ambao ungezunguka ukaingia unatemwa. Kama huna kipimo, uachie kutoka mita 1.8, ukipima chini ya mpira. Ukidunda, sehemu yake ya juu ifike kati ya mita 1.2 na 1.4. Namba ya mpira pia ina mambo yake. Wasichana wengi shuleni hufanya mazoezi na namba 7 kwa kuwa ndio uliopo, kisha kwenye mashindano wanapewa namba 6, mwepesi kwa gramu 70 hivi, na siku hiyo mitupo yote inapita ringi. Ringi yenyewe ipimwe: ile isiyo na springi ikining'iniwa na watu wazima huinama mbele, na mita 3.05 inabaki kwenye vitabu.

Mazoezi yanastahili lawama zaidi kuliko yanavyopata. Kupiga mitupo 50 mfululizo kutoka pembe moja humfanya dogo aonekane hatari siku ya Jumatano. Mechi haimpi mtupo wa pili mahali palepale, na ule wa kwanza anaupata akitoka mbioni, mlinzi usoni. Badala yake apige 40 kutoka sehemu 5, asirudie sehemu moja mara mbili mfululizo. Kila mtupo uanze na kazi: kupokea pasi, kudunda mara mbili, au kukimbia kutoka upande wa pili. Idadi ya atakayoingiza mazoezini itashuka, na wazazi walioko pembeni watauliza kocha anafanya nini.

La mwisho ni umri wa mchezo, ambao hauhesabiwi tangu kuzaliwa. Mtanzania Hasheem Thabeet alianza kikapu akiwa na miaka 15 hivi, na mwaka 2009, timu za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, zilipochagua wachezaji wapya, Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Mashabiki wa Tanzania bado wanabishana juu ya kilichofuata, lakini siku ile alikuwa na miaka saba tu ya mchezo, akishindana na watu walioshika mpira tangu utotoni. Mgiriki Giannis Antetokounmpo, aliyechaguliwa wa 15 mwaka 2013, alimaliza msimu wake wa kwanza NBA na wastani wa pointi 6.8 kwa mechi; tuzo ya mchezaji bora wa ligi hiyo aliipata baadaye, 2019 na 2020. Vijana wengi wa Arusha na Moshi huanza kidato cha kwanza. Dogo wa kidato cha tatu anayewachanganya mashabiki kila Jumamosi ana miaka miwili ya kikapu, na mmoja kati ya hiyo aliutumia kuizoea mikono yake mipya.