Tai wa Marekani: "Si alishatolewa kwenye orodha?"

Wateja wangu wenye viwanja kando ya maziwa huku Marekani wana neno moja wasilochoka kulirudia: tai mwenye kichwa cheupe alitolewa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini mwaka 2007, basi mtu ajenge anavyotaka. Jamani, hapana!

Kilichoondoka 2007 ni ulinzi wa sheria moja tu, ile ya viumbe walio hatarini. Hata uamuzi wenyewe ulisukumwa na kesi ya mwenye kiwanja huko Minnesota aliyekwama kujenga kwa sababu ya kiota. Sheria ya Tai ya 1940 ilibaki palepale, nayo inakataza kumuua, kumkamata na hata kumsumbua. Mwaka huohuo Idara ya Samaki na Wanyamapori ilifafanua kusumbua: kumbughudhi tai kiasi cha kumjeruhi, kumpunguzia uzazi au kumfanya akihame kiota, au kuelekea kusababisha hayo. Si lazima umguse. Tingatinga likinguruma chini ya mti, jike akaruka na kuyaacha mayai kwenye baridi ya Februari, umeshampa mwendesha mashtaka pa kuanzia. Kosa la kwanza la jinai laweza kufika faini ya dola 100,000 na kifungo cha mwaka mmoja.

Kilichobadilika ni nani anaweza kushtaki. Sheria ya viumbe walio hatarini humruhusu raia kumpeleka mvunjaji mahakamani. Sheria ya Tai haimpi nafasi hiyo. Tazama kesi ya mradi wa nyumba wa Marina Point, Fawnskin, kando ya Big Bear Lake, California. Mwaka 2006 wanamazingira walishinda, jaji akazuia ujenzi, sababu mojawapo ikiwa bughudha kwa tai wanaokaa pale majira ya baridi. Rufaa ilipoamuliwa 2008, tai hakuwa tena kwenye orodha. Dai hilo likawa limepitwa na wakati na hukumu ikafutwa. Wajenzi wengi wameisoma kama ruhusa. Majaji hawakusema popote kwamba kumbughudhi tai ni halali! Serikali bado inaweza kukushtaki, na wanaharakati wanaweza kuishtaki serikali ikitoa kibali kinyume cha utaratibu.

Wateja wana misemo mingine pia. "Kiota kitupu ni kuni tu." Kinalindwa mwaka mzima, tai awepo asiwepo. Weka msumeno chini.

"Mita 200 ni sheria." Ni mwongozo wa 2007 wa umbali kutoka kwenye kiota: mita 200 kwa ujenzi unaoonekana kutoka kiotani, takriban 100 kwa usioonekana, 800 kwa baruti. Ukiufuata unapunguza hatari. Kuuvuka peke yake si kosa, ila tai akibughudhika, jibu litakuwa gumu.

"Jirani amewasumbua tai, nitamdai fidia." Huwezi kudai kitu. Toa taarifa, ikileta hatia, sheria inampa mtoa taarifa nusu ya faini, isiyozidi dola 2,500.

Ninachowasihi wateja kila mara ni hiki: kabla ya kumlipa mchora ramani, mlete mtaalamu wa ndege apite kiwanjani msimu wa kutaga, apige picha zenye tarehe, apime umbali kutoka kwenye mti. Tangu 2024 kuna kibali cha jumla kinachoruhusu bughudha kwa tai katika shughuli za kawaida, ujenzi wa nyumba ukiwemo, na unajisajili mwenyewe. Kiombe kabla tingatinga halijafika.