Daktari wa meno na sindano za urembo usoni: aruhusiwe, na akomee wapi?

Siku hizi swali hili linatufikia sisi madaktari wa meno mara kwa mara. Daktari wa meno akimchoma mtu Botox kwenye kipaji cha uso, au fila kwenye midomo, amevuka mpaka wa kazi yake? Wanaouliza ni wagonjwa, ni wanafunzi wa udaktari wa meno wanaokaribia kuhitimu, na mara nyingine ni wenzetu wa magonjwa ya ngozi, ambao huwa wanakuja na jibu lao mfukoni.

Kabla ya kujibu, tuzitenganishe sindano zenyewe, maana watu huzichanganya.

Ya kwanza ni sumu ya botulinamu, ambayo wengi huiita Botox kwa jina la chapa mojawapo. Inatokana na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, yule yule anayeweza kumpoozesha mtu aliyekula chakula cha kopo kilichoharibika. Kwa dozi ndogo mno iliyopimwa, sumu hii huizuia neva isitoe kemikali inayouamuru msuli ukaze. Msuli unalegea, na ngozi iliyo juu yake inakunjuka. Matokeo huonekana baada ya siku chache, kisha hufifia ndani ya miezi mitatu hadi minne.

Aliyeifungulia njia kama dawa ni daktari wa macho wa San Francisco, Alan Scott, aliyekuwa akitafuta namna ya kunyoosha makengeza bila kupasua. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiidhinisha kwa matatizo ya macho na kope mwaka 1989. Habari ya mikunjo ilikuja kwa bahati tu. Jean Carruthers, naye daktari wa macho, huko Vancouver, alikuwa akitibu kope zinazokakamaa akaona mikunjo ya kati ya nyusi inatoweka. Yeye na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, waliandika juu ya jambo hilo mwaka 1992, na FDA ikaidhinisha matumizi hayo ya urembo mwaka 2002. Nayataja haya kwa sababu katika mabishano ya leo husikii mtu akikumbuka kwamba dawa hii ilianzia mikononi mwa madaktari wa macho.

Ya pili ni fila, majimaji mazito ya kujaza, mara nyingi yaliyotengenezwa kwa asidi ya haialuroni. Hii hailegezi chochote. Inajaza na kunyanyua: midomo, mashavu, kidevu, mistari inayoshuka kutoka puani hadi pembeni mwa mdomo. Hatari yake ni ya namna nyingine kabisa, na nitaifikia.

Nchi iliyolipeleka swali letu hadi mahakama ya juu kabisa ni Korea Kusini. Mwaka 2011 daktari wa meno mmoja aliwachoma wateja wawili Botox kuondoa mikunjo ya karibu na macho na ya kati ya nyusi. Alishitakiwa kwa kufanya kazi ya udaktari iliyo nje ya leseni yake, na mahakama za chini zikamtia hatiani. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliita pande zote mbili zijieleze hadharani, kisha Julai 2016 majaji wengi wakatengua hukumu. Walisema sheria yenyewe haikuchora mstari ulio wazi kati ya kazi ya daktari na ya daktari wa meno, kwamba vyuo vya meno vinafundisha uso na dawa hiyo, na kwamba haikuonekana kuwa umma ungekuwa hatarini zaidi. Hata hivyo waliongeza tahadhari ambayo walioshangilia waliiruka: hukumu hiyo haikuwapa madaktari wa meno ruhusa ya kila tiba ya uso. Kila jambo lipimwe kivyake.

Nakubaliana na tahadhari hiyo kuliko ninavyokubaliana na hukumu yenyewe.

Tuanze na yale ambayo daktari wa meno anayajua kweli. Kila siku ya kazi anachoma ganzi ndani ya kinywa, karibu na neva na mishipa ya damu asiyoiona kwa macho. Anavuta bomba la sindano kwanza aone kama damu inaingia, ndipo asukume dawa. Misuli ya kutafuna anaijua kwa vidole vyake. Ndiyo maana sumu ya botulinamu hutumika katika fani yetu kwa mtu anayesaga meno usiku hadi taya linauma, au ambaye fizi zake zinaonekana kupita kiasi anapocheka. Na hapo ndipo sheria za kugawana uso zinapokwama: sindano inayopunguza maumivu ya msuli wa taya, ikirudiwa, huupunguza msuli huo, na uso unakuwa mwembamba. Mmoja ataiita tiba, mwingine urembo. Msuli ni mmoja na dawa ni moja.

Kuna jambo jingine ambalo daktari wa meno huliona mapema kuliko wengi. Mtu mzima aliyepoteza meno ya mbele hubonyea midomo, kwa sababu midomo huegemea meno. Akienda kwa mtu anayejua fila tu, atajazwa fila. Anachohitaji ni meno bandia yaliyopangwa vizuri, na midomo inarudi mahali pake bila sindano yoyote. Nimewaona wengi wa namna hii waliokwisha kulipia kisichowahusu.

Lakini leseni ya meno haikufanyi uujue uso wote. Hatari kubwa ya fila ni kuingia ndani ya ateri, mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni. Ateri za uso zimeungana: zile za kati ya nyusi na za puani zina njia inayofika kwenye ateri ya jicho. Fila iliyosukumwa kwa nguvu mahali hapo inaweza kurudi nyuma hadi ndani ya jicho na kuzuia damu ya retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga. Retina haivumilii kukosa damu. Muda wa kuiokoa huhesabiwa kwa dakika, na kwa kawaida inakadiriwa kwamba ikipita saa moja na nusu hivi, uoni hauwezi kurudi. Pale ambapo ateri iliyoziba ni ya ngozi, kipande cha pua au mdomo kinaweza kufa.

Fila ya asidi ya haialuroni ina kiyeyushi chake, kimeng'enya kiitwacho haialuronidesi. Kwa hiyo, kwangu mimi, swali la kwanza kwa anayetaka kuchoma fila, awe wa meno, wa ngozi au wa upasuaji, ni hili: kiyeyushi hicho kipo hapa chumbani sasa hivi, na umefundishwa kukitumia? Asiye nacho asichome.

Msimamo wetu basi ni huu. Daktari wa meno aliyesajiliwa, aliyepata mafunzo ya ziada yanayothibitika, aruhusiwe kutumia sumu ya botulinamu, na fila katika midomo na sehemu ya chini ya uso. Fila ya kati ya nyusi, ya pua na ya kuzunguka macho awaachie mabingwa wa ngozi, wa upasuaji rekebishi, na wa upasuaji wa kinywa, taya na uso. Hao wa mwisho, kwa hapa Tanzania, wengi wao msingi wao ni udaktari wa meno. Wanaosema "wa meno wabaki kwenye meno" husahau ni nani wanaounga taya na mashavu ya majeruhi wa bodaboda kila wiki.

Sharti jingine, na hili halipendwi na wenye kliniki: urembo usiuzwe kwenye kiti cha matibabu. Mtu aliyekuja kung'olewa jino yuko mdomo wazi, ana ganzi, ana hofu, na anamwamini aliyemsimamia. Hapo si mahali pa kumwambia kwamba midomo yake ni myembamba. Aondoke, akitaka arudi siku nyingine kwa akili yake. Kitabibu pia si busara kuchanganya, kwa sababu kazi ya meno huingiza bakteria kwenye damu, na fila ikipata maambukizi ni shida kuitibu. Meno yamalizwe kwanza, yapone, ndipo mengine yafikiriwe.

Tanzania ina faida ambayo Korea haikuwa nayo. Sheria ya mwaka 2017 imewaweka madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi chini ya Baraza moja, na Kenya nayo baraza lake, KMPDC, linasimamia madaktari na madaktari wa meno pamoja. Mpaka unaweza kuchorwa mezani, na wahusika wote wakiwa wamekaa, badala ya kungoja mtu ashitakiwe.

Wakati tunabishana sisi wenye leseni, mwenye saluni anachoma. Uingereza walilijua hili zamani. Ripoti ya mwaka 2013 ya daktari Bruce Keogh, iliyoagizwa na serikali, ilisema mteja wa urembo wa namna hii hakuwa na ulinzi zaidi ya mtu anayenunua kalamu au mswaki. England ilikuja kupiga marufuku sindano hizi za urembo kwa walio chini ya miaka 18 Oktoba 2021. Marekani, kufikia Aprili 2024, watu 22 katika majimbo 11 walikuwa wameripotiwa kudhurika na sumu ya botulinamu bandia au iliyochomwa ovyo. Dawa hii hutunzwa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8. Iliyosafiri kwenye begi la mkononi toka ng'ambo, hakuna anayejua ilipitia nini.

Kwa anayefikiria kuchomwa: kama una ujauzito, unanyonyesha, au una ugonjwa wa kulegea misuli, sumu ya botulinamu si yako. Mwambie daktari dawa zote unazotumia, hasa antibiotiki kama gentamisini. Kama ngozi yako huota makovu ya kuvimba, liseme hilo pia.

Baada ya fila, maumivu makali yasiyopungua, ngozi kubadilika rangi kwa madoa yanayofanana na wavu, au jicho kuona giza ni dharura ya dakika hiyo hiyo. Vitabu vingi husema utaona ngozi imekuwa nyeupe. Kwa ngozi nyeusi weupe huo hujificha, kwa hiyo funua mdomo uangalie upande wa ndani, na bonyeza ngozi uone kama damu inarudi upesi. Usikubali kuambiwa ukalale, utaona kesho.

Omba uandikiwe jina la dawa, namba ya toleo na kiasi ulichochomwa, na uondoke na karatasi hiyo. Ukidhurika, dawa yenyewe iripotiwe TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania, na aliyekuchoma aripotiwe kwenye Baraza lake. Kama hana Baraza, nenda polisi.