Vichekesho vya mapenzi vya sinema bubu ni nini?

Ni filamu za kuchekesha kuhusu watu wawili wanaopendana, zilizotengenezwa kabla mazungumzo hayajaunganishwa na picha. Nyingi zinazojulikana zilitoka Marekani miaka ya 1910 na 1920. Kisa karibu kila mara husimama juu ya mtu kumwelewa mwenzake vibaya. Hapo ndipo kazi ilipokuwa: kutoelewana ambako leo kungejengwa kwa simu moja au neno lililosikika nusu, watengenezaji wa filamu hizo walilazimika kukujenga kwa macho.

Sijui mfano bora kuliko City Lights ya Charlie Chaplin, iliyotoka mwaka 1931 bila mazungumzo ingawa filamu za sauti zilikuwa zimeshashika soko. Msichana kipofu anayeuza maua anapaswa kuamini kwamba mzururaji fukara ni tajiri. Kumwandikia mtazamaji hivyo kungekuwa rahisi, ila asingeliona kosa likizaliwa. Basi mzururaji anapitia ndani ya gari lililosimama kwenye foleni, anashukia upande wa pili na kufunga mlango. Msichana anageukia mlango huo na kumuuzia ua. Kabla hajampa chenji, mwenye gari anarudi, anafunga mlango, gari linaondoka. Msichana anaamini mteja wake ameenda zake. Mzururaji, ambaye bado yupo palepale, anaelewa na kunyata asimwondolee imani hiyo. Mlio wa mlango hatukuusikia hata mara moja. Tuliusoma usoni mwa msichana.

Pale macho yasipotosheleza, hutumika kadi za maandishi kati ya picha. Katika It (1927), Clara Bow ni muuza duka anayedai mtoto wa rafiki yake ni wake ili asichukuliwe, na tajiri wake anayempenda anaamini uongo huo. Jambo kama hilo halionyeshiki bila maneno. Lakini kadi hukatiza uigizaji: ikipita upesi msomaji wa polepole huachwa nyuma, ikikaa mno kicheko hupoa.

Mchekeshaji Harold Lloyd aliugeuza ukimya wenyewe kuwa kikwazo. Katika Girl Shy (1924) shujaa ana kigugumizi. Anakimbizana na muda, akibadilisha chombo kimoja cha usafiri hadi kingine, kuzuia ndoa ya ampendaye na mwanamume mwenye mke tayari. Anafika, mdomo unagoma, hivyo anambeba bibi harusi na kutoka naye.

Kinachoharibu filamu hizi leo mara nyingi ni kasi. Kamera nyingi zilizungushwa kwa mkono na kasi haikuwa moja. Mkanda wa futi 1,000 wa milimita 35 una fremu (picha moja moja) 16,000: kwa fremu 16 kwa sekunde huchukua karibu dakika 17, kwa fremu 24, kasi ya filamu za sauti, dakika 11 hivi. Filamu iliyopigwa kwa kasi ya kwanza ikionyeshwa kwa ya pili, mtazamo wa aibu uliopangiwa sekunde tatu hubaki mbili, na penzi halisomeki tena. Ukiona hata wapita njia wa nyuma wanatembea kwa kurukaruka, tafuta nakala nyingine. Zikiwa ni mbio peke yake zinazokwenda kasi, huenda ni makusudi: mpiga picha alizungusha kamera polepole ili zikionyeshwa zionekane za kasi zaidi.