Taa za barabarani za mfululizo: hapa shoti ni rafiki

Fundi aliyezoea umeme wa majumbani akipandishwa kwenye nguzo ya taa za zamani za mfululizo, mazoea yake mwenyewe ndiyo yatakayomponza. Nyumbani volti haibadiliki, na kila taa huchota mkondo wake. Huku ni kinyume. Waya mmoja hutoka kituoni, hupita ndani ya kila taa, moja baada ya nyingine, kisha hurudi ulikotoka. Kisichobadilika ni mkondo, mara nyingi ampea 6.6.

Tupige hesabu. Taa 50 za wati 200 kila moja zinahitaji wati 10,000. Gawanya kwa 6.6, unapata volti 1,500 na ushee, ingawa kila balbu peke yake inakula volti 30 tu. Ukiongeza taa, volti nazo zinapanda, na mizunguko mirefu hufika volti elfu kadhaa. Faida yake ni kwamba waya mwembamba unatosha, na taa ya mwisho inawaka sawasawa na ya kwanza. Hii si historia tupu: taa za njia za ndege viwanjani hadi leo hufungwa kwa mfululizo, kwa ampea zile zile 6.6.

Sasa, balbu moja ikiungua, kwa nini mtaa mzima usiingie giza? Jibu ni kijisahani chembamba, ukubwa wa sarafu hivi, kinachobanwa kwenye holda kati ya vyuma viwili vya springi. Balbu ikiwa nzima, kijisahani kinavitenganisha vyuma hivyo bila taabu, maana volti 30 haziwezi kukipenya. Balbu ikikatika, volti ya mzunguko wote hurundikana hapo hapo. Kijisahani kinatoboka, vyuma vinagusana kwa shoti, mkondo unaipita ile balbu na taa nyingine zinaendelea kuwaka. Fundi wa majumbani anaikimbia shoti. Huku ndiyo iliyookoa mtaa.

Ndiyo maana kila ukibadilisha balbu, badilisha na kijisahani. Ukikisahau, balbu mpya haitawaka hata ukikilaumu kiwanda, kwa kuwa mkondo bado unapita njia ya mkato. Kosa baya zaidi ni kubandika kipande cha plastiki au karatasi ngumu kwa sababu vijisahani vimeisha stoo. Hakitoboki kwa wakati: ama mtaa mzima unazimika, ama cheche zinaila holda mpaka inayeyuka.

Kituoni, kazi ya kushikilia ampea 6.6 hufanywa na transfoma ya aina yake. Ndani yake mna koili mbili, yaani nyaya zilizoviringwa. Moja imekazwa. Nyingine inaning'inia kwenye mkono wenye uzito wa kusawazisha. Mkondo ukitaka kuzidi, koili zinasukumana, ile inayoning'inia inasogea mbali, na volti inashuka. Hata ukiunganisha ncha zake mbili kwa shoti, haiungui. Lakini ukikata waya, koili zinakaribiana kabisa na volti inapanda hadi mwisho wake, yote ikisubiri pale palipokatika. Kwa hiyo egemeo la mkono huo lisiachwe kushika kutu. Likikwama, ampea zinazidi na balbu zinaungua moja baada ya nyingine (wengi hulaumu balbu).

Taa iliyozimika, basi, haithibitishi kwamba waya hauna umeme. Usifungue kiungo chochote mzunguko ukiwa hai, na usitumie kipimo cha kawaida cha mfukoni, kwa maana hakikutengenezwa kwa volti hizi. Zima kituoni, funga swichi kwa kufuli, hakikisha kwa kipimo cha volti kubwa, kisha unganisha waya na ardhi pande zote mbili za sehemu unayofanyia kazi. Baadhi ya nguzo zina plagi maalumu ya kukatia taa: ukiivuta, huunganisha kwanza nyaya mbili za njia, ndipo huitenga taa. Mpangilio huo ndio unaozuia mzunguko usikatike.

Waya ukigusa ardhi sehemu moja, taa zinaweza kuwaka kama kawaida kwa miezi. Ukigusa sehemu ya pili, mkondo unapita ardhini na taa zilizo katikati zinafifia au kuzimika. Waya ukikatika kabisa, usianze kupanda nguzo zote. Umeme ukiwa umezimwa, nenda nguzo ya katikati, unganisha waya na ardhi hapo, kisha rudi kituoni upime ohmu (yaani waya unavyouzuia mkondo) kati ya kila ncha na ardhi. Upande unaosoma ohmu chache ni mzima. Upande usiosoma kitu ndio ulikokatika. Ugawe nao katikati, upime tena. Kwenye mzunguko wa taa 50, vipimo vitano au sita hivi vitakufikisha kwenye nguzo yenyewe.