Kaa la moto na kaa wa pwani

Mzee mmoja wa Kibokoni, muuza kahawa wa zamani, aliletwa kwangu na bintiye baada ya kiharusi. "Daktari, babangu asema kama mlevi, na tembo hajapata kulionja." Mimi si daktari, ni mtaalamu wa tiba ya usemi, ila Mombasa nimeshachoka kurekebisha hilo.

Nikamwomba mzee aseme "kaa la moto", kisha "kaa wa pwani". Mtu wa Mvita huyatenga bila kufikiri: la moto hutoka kavu, wa pwani huja na pumzi baada ya k. Pumzi hiyo kwa kweli ni muda. Ulimi ukishaachia, sauti ya kooni huchelewa kidogo kuanza, sehemu chache tu za mia za sekunde. Kwa mzee, kaa wote walikuwa mmoja. Ulimi wake haukuwa dhaifu sana. Kilichovunjika ni miadi kati ya ulimi na koo.

Tukaenda kwenye "barabara". Ukirefusha silabi ya pili kutoka mwisho, ni njia ya magari. Ukiirefusha ya pili kutoka mwanzo, ni sawasawa, barabara kabisa. Mzee alizipa zote nne urefu mmoja, ba, ra, ba, ra, kama anayehesabu nazi. Usemi wa namna hii huonekana sana ubongo wa nyuma, unaoratibu miendo, unapoumia. Baadhi ya wenye ugonjwa wa Parkinson huenda kinyume: maneno hukimbizana hadi yakapandana.

Nyumbani kila mtu alimwambia, "Baba, sema polepole." Ushauri huu nagombana nao. Polepole humsaidia msikilizaji, sikatai, lakini ukivuta kila silabi sawa unaua ile moja ambayo sikio la Mswahili linaingojea.

Kosa hilo nililifanya mwenyewe. Nilimpa tasbihi yake, asukume punje moja kwa kila silabi. Wiki ya pili bintiye akaniambia babake sasa anasoma kama mtoto wa chuo cha Kurani siku ya kwanza. Tukabadilisha: punje moja kwa neno zima, kidole kikawie kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kisha kiachie.

Miezi miwili baadaye alimpigia simu mwenye tuktuk, akamwelekeza barabara, na tuktuk ikafika mlangoni. Kaa bado hawajatengana. Akimtaka wa pwani husema, "Yule mwenye magando."